Mbolea mnamwita baba, uji mnamwita mama

Barua ya wazi kwa wakuu wa mikoa na wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, waganga wakuu, maafisa lishe, maafisa kilimo na maafisa maendeleo ya jamii wa Nyanda za Juu Kusini

Kamwene waheshimiwa.

Mimi ni mkulima wa Mufindi. Nalima mahindi na viazi, nina kipande cha miti, na kazi ya useremala ikijitokeza siikatai. Nina mke na watoto watatu. Barua hii nimeianza mara tatu nikaiacha, maana kila nikiirudia naona kama najishtaki mwenyewe. Mwishowe nikasema liwalo na liwe. Sehemu ya kujishtaki imo kweli, mtaiona.

Novemba iliyopita mama watoto alikwenda kwao Makete kumuuguza mama yake. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka miwili na miezi miwili, ameshaacha ziwa, akabaki na mimi. Siku ya tatu simu ikaita alfajiri. "Baba watoto, leo kliniki. Kadi iko kabatini, ndani ya Biblia." Sikuwa na namna. Nikamwogesha kwa maji ya moto, nikamvika sweta mbili, nikambeba mpaka zahanati.

Wanawake walikuwa kama thelathini, wengine kwenye mabenchi, wengine chini kwenye nyasi. Mwanaume mimi peke yangu, ukimtoa mlinzi. Nilipokaa, bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu mgongoni akanisogelea, akashusha sauti: "Pole sana baba. Mama yake alifariki lini?" Nikamwambia mama yake yupo Makete, mzima wa afya, anauguza. Bibi alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kanga. Habari ikasafiri benchi kwa benchi, na kila ilipofika watu waligeuka kunitazama.

Aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ni dada mmoja wa kitongoji cha jirani. Miguu ilikuwa bado na udongo mwekundu, nadhani alipitia shambani kwanza. Mwanawe akatundikwa kwenye mizani kwa ile kaptura, akalia, akashushwa, akalazwa kwenye ubao wa kupima urefu. Nesi akaangalia kadi, akamuuliza: kwa siku anakula mara ngapi? Dada akasema mara mbili. "Mara mbili! Wewe unalea au unafuga?" Kisha yakafuata maneno mengi ya uvivu, ya uchafu, ya kuzaa bila mpango, yote mbele ya watu. Dada aliinama akawa anafunga mbeleko muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Ikafika zamu yangu. "Mama yake yuko wapi?" Amesafiri. "Si ungesubiri arudi ndiyo mje?" Hata hivyo akampima. Uzito si mbaya, akasema, ila urefu haujafika. Mtoto mfupi kuliko umri wake. Kisha akaniuliza lile swali. Anakula mara ngapi?

Waheshimiwa, mimi siku hiyo nilijua gunia la viazi limefikia bei gani Mafinga, limefikia bei gani Makambako, na madalali wanajaza lumbesa kwa kiasi gani. Nilijua miti yangu imebakiza miaka mingapi ivunwe. Mwanangu anakula mara ngapi kwa siku, sikujua. Nilinyamaza. Nesi akacheka: "Wanaume bwana!" Akaandika kwenye kadi, akanirudishia. "Mwambie mama yake akirudi aje nimwelekeze."

Mtaona tofauti. Kosa lilikuwa moja. Yule dada aliyekuwa na jibu alitukanwa, na mimi niliyekosa jibu nilichekewa kama mtoto aliyekosea hesabu. Maelekezo yakawekwa pembeni kumsubiri mtu aliyeko Makete, na mimi niliyesimama pale, niliyeshika mtoto, mwenye ufunguo wa ghala la mahindi mfukoni, sikuambiwa hata neno moja la kufanya.

Sina ugomvi na nesi. Yuko peke yake pale, anapima, anachoma chanjo, anazalisha, na usiku akigongewa anaamka. Anafanya alivyofundishwa na wakubwa zake. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia ninyi.

Niwasimulie na siku moja kabla ya hapo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Jana yake nilikuwa kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku. Huu ni mpango mzuri, sitausema vibaya. Tangu Rais alipouzindua Agosti 8, 2022 pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, wengi wetu tumerudi kupanda na mbolea ya kutosha. Foleni ile ilikuwa yetu wanaume. Wanawake walikuwepo wachache, wengi wao wajane. Daftari lina jina la baba, namba ya mkulima ni ya baba, ujumbe unaingia kwenye simu ya baba. Bwana shamba alikuja na pikipiki akasimama mbele yetu nusu saa nzima. Akatueleza nafasi kati ya shimo na shimo, mbolea ya kupandia iwekwe wapi, ya kukuzia iingie lini. Tulimsikiliza vizuri, tukamuuliza maswali. Mume wa yule dada aliyetukanwa kliniki alikuwepo, tumesimama naye bega kwa bega, tena ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote. Hakuna aliyetuuliza watoto wetu wanakula mara ngapi.

Kaya ni ileile na mahindi ni yaleyale. Yakiwa shambani mnamwita baba. Yakishakuwa uji mnamwita mama. Na hapo katikati, pale gunia linapotoka ghalani kwenda kwenye lori la mnunuzi au kwenda mashineni kwa ajili ya watoto, hamjamwita mtu.

Takwimu mnazo kuliko mimi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na watoto waliodumaa karibu 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano, Njombe ikazidi 50, Rukwa ikakaribia hapohapo, wakati nchi nzima ni kama 30. Mikoa inayolisha nchi ndiyo yenye watoto wafupi. Maneno haya tumeyasikia kwenye kila hotuba mpaka yamegeuka utani; ukienda Dar es Salaam ukasema umetoka Iringa wanakuangalia kimo. Wakuu wa mikoa mlisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais mwaka 2022, na kila halmashauri inatakiwa itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Vizuri. Fedha hizo zikishafika kijijini kwetu zinafanya nini? Zinakuwa siku ya lishe. Zinapigiwa tangazo: "Akina mama wote wenye watoto wadogo, kesho saa tatu, mfike bila kukosa." Inachemshwa sufuria ya uji wa mahindi, karanga na dagaa, akina mama wanaonyeshwa namna ya kukoroga, wanapigwa picha, kazi imekwisha. Baba anaona moshi tu kwa mbali.

Mimi sina taaluma ya lishe, lakini baada ya siku ile nilianza kuuliza. Mhudumu wa afya wa kijiji chetu aliniambia mtoto akishafikisha miezi tisa anatakiwa ale mara tatu mpaka nne, na kati ya hapo apate kitu kidogo cha kutafuna. Tumbo lake ni dogo, chakula kikubwa cha mara mbili hakimfai. Na urefu unaopotea katika ile miaka miwili ya mwanzo haurudi kirahisi. Ukiyachukua maelezo hayo ukayaweka kwenye siku ya mwanamke wa huku, utaona yanapogonga.

Mke wangu anaamka saa kumi na moja. Moto, maji, watoto wa shule, mimi. Saa moja yuko shambani. Mvua zikianza Novemba ni kupanda, Januari na Februari ni palizi, na kiangazi wakati mimi nangoja kuuza viazi, yeye anashuka bondeni kwenye vinyungu kumwagilia mboga. Wengine kati ya hapo wana kibarua cha kuchuma chai. Anarudi saa tisa, saa kumi, na kuni kichwani. Ndipo anapika. Sasa hizo mara nne apike nani, saa ngapi? Mtoto anayeshinda shambani anakula kiporo cha asubuhi mpaka jioni. Asiyekwenda shambani anabaki na dada yake mwenye miaka saba, naye anampa alichoachiwa, akikumbuka.

Huyo dada wa miaka saba nimwongezee maneno machache. Wakati wa palizi ndiye anayekosa shule. Kaka yake haachwi nyumbani kulea. Akifika miaka kumi na mbili ameshakuwa mlezi aliyekomaa, anajua kubeba, kuogesha, kukoroga uji, kubembeleza. Halafu anapigiwa simu na shangazi aliyeko mjini kwamba kuna mama anatafuta dada wa kazi, wasichana wa Iringa wana sifa. Anapandishwa basi. Watu wa mjini wanasema wasichana wetu "wamezaliwa" na moyo wa kazi. Hakuna aliyezaliwa nao. Sisi ndio tuliomfundisha tangu akiwa na miaka sita, kwa kumbakiza nyumbani huku kaka yake anakwenda kusoma.

Na ghala je? Ufunguo ninao mimi. Lori likija na bei nzuri, gunia kumi zinatoka asubuhi moja na mke wangu anaziona zikiwa juu ya gari. Kuku anawafuga yeye, siku ya kuuzwa anakuwa wangu. Mayai yanakwenda dukani kuleta sukari na sabuni. Mnapomwambia mama ampe mtoto yai, mnamwelekeza mtu ambaye yai si lake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilishakubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Zaidi ya miaka arobaini imepita. Kwenye ghala langu hukumu hiyo ilikuwa haijafika.

Najua mtasema nini, kwa sababu nimekaa kwenye mikutano yenu. Mtasema ni mila na desturi. Kila taarifa ya lishe niliyowahi kusikia ikisomwa ina mahali pa mila na desturi, kwamba wanaume wa huku hawana mwamko, mfumo dume umekita mizizi, elimu iendelee kutolewa. Elimu kwa nani? Kwa akina mama, kesho saa tatu, wasikose.

Naomba kubishana kidogo hapa.

Mwaka 2010, wakati Njombe bado ni wilaya ya mkoa wa Iringa, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja. Wazee wetu hawakuwa watu wa tohara, na sisi hatukuwa na mpango huo. Ikaja serikali ikasema tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa VVU kwa kama asilimia 60. Kama kuna mila nzito, ni ile iliyo ndani ya suruali ya mtu. Lakini hamkusema mila na desturi mkaenda kulala. Mliwaita wanaume kwa jina la wanaume. Mlituletea huduma mpaka vijijini. Mkagundua kwamba huku vijana wanapenda Juni na Julai, baridi ikiwa kali na mashamba yamenyamaza, kwa imani kwamba kidonda kinapona vizuri, basi mkaleta kampeni miezi hiyohiyo. Tulikwenda makundi kwa makundi. Nakumbuka tumejipanga asubuhi kuna umande wa barafu kwenye majani, tunatetemeka, na hatukutaka kuulizana kama ni baridi au ni hofu. Baada ya miaka michache kijana asiyekwenda ndiye aliyechekwa. Mila ikageuka mbele ya macho yetu, tena bila ngumi.

Kwa hiyo mlipotuhitaji wanaume, mlitupata. Kwenye lishe hamjatuhitaji bado.

Ninao mfano mwingine, mdogo lakini wa karibu. Walipokuja kutupimia mashamba kwa ajili ya hati za kimila, fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mume na jina la mke. Yule mpimaji hakutuhubiria usawa. Aliuliza tu, "Na mama anaitwa nani?" huku kalamu iko tayari. Wanaume tukataja majina ya wake zetu. Mmoja alitaka kubisha, akaambiwa fomu ndivyo ilivyo, akataja. Leo hati yangu ina majina mawili na mbingu hazijaanguka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba na watatu kati yao wawe wanawake, na kwetu wanakaa watatu, wanasuluhisha kesi za mipaka, na wazee wanawaita "mheshimiwa" bila kutafuna maneno. Watu wanafuata zaidi nafasi iliyoachwa kwenye karatasi kuliko mnavyodhani. Daftari la mbolea likiwa na mstari mmoja, litaandikwa jina moja, na mtu atakwambia ndivyo mila zetu zilivyo.

Isitoshe, kama ni suala la mwanamke kukaa mbele, kanda hii haina cha kuonea haya. Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge letu, Mama Anne Makinda, alitoka Njombe, mwaka 2010. Wa pili, Dkt. Tulia Ackson, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini alipochukua kiti mwaka 2022. Mwanamke kukaa kwenye kiti cha mwanaume tumeshazoea, tunapiga makofi. Mwanaume kukaa kwenye benchi la kliniki ndiyo bado anaulizwa mkewe alifariki lini.

Kuna mahali mmejaribu, sitaki kuwanyima haki yenu. Mjamzito akienda kliniki mara ya kwanza anaambiwa aje na mwenza wake, wapimwe wote. Nia ni njema. Ila angalieni inavyotekelezwa. Nimeona mwanamke aliyekwenda peke yake akirudishwa akalete barua ya mwenyekiti ya kuthibitisha kwamba mume hayupo. Mjamzito, kilomita sita kwenda, sita kurudi, kisha amtafute mwenyekiti aliyekwenda mnadani. Aliyekosea ni mwanaume ambaye hakuja, anayetembezwa ni mwanamke. Mwanaume akija naye hapewi kazi yoyote. Anatolewa damu, anarudi kukaa kwenye pikipiki yake kusubiri. Yule mama wa barua hakuongezewa msaada, aliongezewa safari.

Nawaomba msirudie mtindo huo kwenye lishe, kwamba sasa mama asiyekuja na baba mtoto wake hapimwi. Watoto wasio na baba wapo wengi, na wapo akina baba ambao mama anapumua vizuri wasipokuwepo. Mke wangu mwenyewe, nilipomsomea barua hii, alinikatiza hapo. Akasema kliniki ndiyo mahali pekee ambapo wanawake wanakaa wenyewe na kuambiana ukweli, mkijaa ninyi tutaanza kunong'ona. Nimelikubali neno lake. Sitaki mabenchi yale tuyateke.

Ninachotaka ni rahisi kuliko hicho. Mmeshatukusanya tayari, mara nyingi kwa mwaka, kwa mambo yenu mengine. Tukiwa kwenye foleni ya mbolea, mpeni bwana shamba dakika kumi za mtoto katika ile nusu saa yake. Asihubiri. Atuambie kwa lugha yake ya shamba: ukishavuna, kabla hujauza, toa magunia ya kula mpaka msimu ujao, na katika hayo toa debe la unga wa mtoto, maharage yake, karanga zake. Hiyo ni hesabu ya ghala, na mwenye ghala ni sisi. Ikitoka kwa bwana shamba tutaisikia. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji akishasoma mapato na matumizi asome na idadi ya watoto waliopimwa na waliodumaa, kitongoji kwa kitongoji, bila kutaja majina. Wanaume wa huku hatupendi kushindwa na kitongoji cha jirani kwa jambo lolote, hata mpira wa chandimu. Daftari la mbolea liwekeni mistari miwili kama fomu ya hati. Na tangazo la siku ya lishe lisiseme tena "akina mama wote". Liseme "wazazi". Nafahamu neno moja ni dogo, lakini mimi kwa miaka miwili na miezi miwili nilisikia tangazo lile nikageuka upande wa pili, kwa sababu halikuwa langu.

Nesi naye apewe maelekezo kwamba aliyemleta mtoto ndiye aelekezwe. Awe baba, awe bibi, awe yule dada wa miaka saba, maana wakati mwingine ndiye anayeletwa kama mlezi na ndiye anayekoroga.

Msidhani upande wetu ni mteremko. Mama watoto aliporudi nilimuuliza lile swali la kliniki. Alihesabu kwa vidole. Mara mbili, akasema, mara tatu kama hakuna palizi. Tukakubaliana. Uji wa asubuhi nakoroga mimi kabla sijatoka, kwa sababu jiko liko palepale na mikono ninayo. Uji wa saa nne unakaa kwenye chupa ya chai. Mayai ya siku mbili katika wiki hayaendi dukani. Ufunguo wa ghala umehamia kwenye msumari ukutani, mahali ambapo kila mtu mzima anaufikia. Ni mambo manne madogo, na kijiji kizima kilishajua ndani ya wiki moja. Kijiweni wakaniambia nimelishwa limbwata. Wengine walinitania, wengine walisema kwa huruma ya kweli kabisa, wakanishauri niende kwa mganga fulani upande wa Mbeya anayetoa. Mama yangu mzazi, ambaye alilea watoto saba huku baba akiwa kibarua kwenye mashamba ya miti, alisimama mlangoni akaniona na mwiko mkononi, akaguna, akaondoka. Hakumsema mkwe wake mbele yangu, lakini nilisikia amemsema kwa shangazi. Huo ndio mzigo wa mwanaume anayetaka kubadilika peke yake nyumbani kwake. Siku serikali yenyewe itakaposema hadharani kwamba uji ni kazi ya baba pia, kama ilivyosema kuhusu tohara, mtu kama mimi atakuwa na pa kujishikilia kijiweni.

Februari ilipofika ilikuwa palizi, mke wangu akaniambia hawezi kuacha shamba. Nikaenda tena na mtoto. Nesi ni yuleyule. "Mama yake yuko wapi?" Yuko palizi. Akanyamaza kidogo. Anakula mara ngapi? Mara nne, nikasema, na nikamtajia saa. Akaniuliza unga tunachanganya nini, nikamwambia. Aliandika bila kucheka. Urefu umeongezeka kidogo, haujafika.

Wakati natoka nikaona kijana mmoja mwishoni mwa benchi, amekaa kama mtu aliyepotea njia, mtoto wa kike magotini, kadi ameificha ndani ya koti. Nilikwenda nikakaa karibu naye, nikashusha sauti, nikamuuliza: "Pole sana. Mama yake alifariki lini?" Alishtuka, kisha akaelewa. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Baba wa watoto watatu,
Mufindi, Iringa